Fundi Saa Aliyemsikiliza Meneja

Haya ninayowaletea hamtayaamini, nami siwabembelezi. Mkitaka kubisha, bisheni mkimaliza kusoma. Nilikuwepo, nikaona kwa macho yangu, na mtu mjuaji kama mimi akibaki mdomo wazi, jueni jambo lilikuwa zito.

Dada yangu ni fundi saa. Wanaume watatu wa mtaani waliijaribu kazi hiyo, wakakimbilia kuuza simu. Yeye mwaka wa thelathini na moja huu yuko pale pale, kwenye chumba chake chembamba ubavuni mwa kinyozi, kioo cha kukuza kimebanwa jichoni utadhani kimeota hapo. Ukimletea saa, haifungui kwanza. Anaiweka sikioni, anafumba macho, anatulia tuli. Kisha anasema, "Gurudumu la pili lina vumbi." Inafunguliwa, vumbi hilo hapo.

Mlangoni hulala mbwa wake, mzee wa miaka kumi na mitatu. Anaitwa Meneja, maana anawahi kazini na hagusi kazi yoyote. Tangu shemeji atutoke, ndiye anayemsindikiza dada nyumbani kila jioni.

Sasa Meneja akagoma kula.

Miaka yote alikula punje kavu za chakula cha mbwa, zile za kwenye mfuko. Jumatatu hiyo alizinusa, akamtazama dada, akajiondokea. Dada akafanya kosa ambalo ni fundi saa tu angelifanya: akadhani muda wa kula ndio umekosewa. Akausogeza mbele robo saa. Wapi! Akasogeza robo nyingine. Kufikia Jumatano mbwa alikuwa ameandaliwa chakula mara kumi na moja, na mbavu zimeanza kuchungulia.

Washauri nao hawakosekani.

"Mfungulie kopo, mama," alisema muuza vyakula vya wanyama. "Nyama laini, mchuzi tele. Hata mimi huwa naitamani."

"Basi anza wewe kuonja," alimjibu dada.

Binti wa dada akaja juu. "Mama, usithubutu! Daktari alikataza makopo yale, yana chumvi na moyo wa Meneja umechoka. Huyo anaringa tu, umemdekeza mno. Mwache, njaa itamfunza adabu."

"Itamfunza lini, mwanangu? Akishakufa?"

Kopo lingemchosha moyo, njaa ingemmaliza, na Meneja alikuwa amelala pale mlangoni, hata mkia hautikisiki.

Mchana ule dada alizima redio. Akamwomba kinyozi azime mashine. Kinyozi akazima, mteja wake kanyolewa nusu kichwa. Dada akapiga magoti, akachukua punje moja, akamwekea Meneja mdomoni. Yule mzee, kwa heshima tu, akaanza kuitafuna. Dada akalaza sikio shavuni pake, akafumba macho.

Sote tulibana pumzi. Hata mimi, ambaye sijawahi kunyamaza hata msibani.

Kach. Kach. Kisha kimya kidogo, kama mtu anayeruka dimbwi. Kach.

"Punje nyingine," alinong'ona.

Alisikiliza punje nne. Alipofumbua macho, uso wote ulikuwa umebadilika. "Haringi huyu. Anaumwa. Kushoto, kule nyuma, anaruka pigo moja."

Tukambeba Meneja hadi kwa daktari.

Daktari wa mifugo alimpanua Meneja mdomo, akamulika tochi, akatikisa kichwa. "Meno ya uzee tu haya, mama. Sioni kitu."

Dada akabandua kioo chake jichoni. "Vaa hiki. Jino la pili kutoka mwisho, upande wa ulimi."

Daktari akainama. Akakaa ameinama hivyo hivyo muda mrefu. Ufa ulikuwepo, mwembamba kuliko unywele, umeteremka hadi kwenye ufizi. Alipoinuka, hakumtazama mbwa. Alimtazama yule mama mfupi mwenye vidole vya mafuta, kama watu wanavyoutazama mwezi ukipatwa.

"Uliuonaje, mama?"

"Sikuuona. Niliusikia."

Jino likang'olewa. Na ule mzozo wa chakula kikavu na kopo, dada aliukata mwenyewe: punje zile zile, maji ya uvuguvugu, dakika kumi na mbili kamili, ziwe laini bila kurojeka. Kidonda kilipopona, akaweka bakuli chini, akachuchumaa kando. Meneja akanusa. Akaonja. Basi, ndugu zangu, akafagia bakuli zima, akafagia la pili, akabweka kwa nguvu hadi saa zote za dukani, mia nne na themanini, zikagonga kwa mpigo mmoja, na kinyozi aka—

"Kaka, weka kalamu chini," anasema dada, kumbe anasoma juu ya bega langu. "Saa zilikuwa kumi na tisa, na sita kati yake mbovu. Na alikula nusu bakuli. Nusu, kaka. Nililia kwa nusu hiyo hiyo."