Mwaka Niliosoma Kikuyu

Kazi yangu, katika ofisi moja katikati ya Nairobi, ni kurekebisha programu inayogeuza maandishi ya waprogramu yawe amri za kompyuta. Haigeuzi moja kwa moja. Kwanza huyapitisha katika lugha ya kati, isiyo ya mtu wala ya mashine, na humo ndimo kasoro nyingi huonekana na kuondolewa. Mtu wa kazi hiyo hana pa kujitetea kwa kosa nililofanya mimi.

Mama mkwe wangu aliishi mtaa wa Satellite. Yeye Mkikuyu, mimi mtu wa magharibi mwa Kenya, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, chake cha sokoni na changu cha shuleni. Tulizungumza sana: magoti yake, wapangaji wake wasumbufu, marehemu mumewe. Mimi na kiburi changu nikaona Kiswahili kinatutenga. Nikajiandikisha darasa la Kikuyu karibu na Adams Arcade, nikafika kiwango cha kati, na nikaapa sitamsemesha kwa lugha nyingine.

Alifurahi, akanitangaza kwa majirani. Mwaka mzima, kila Jumapili, tukawa tunasalimiana kwa heshima zote, tunaulizana habari za mvua na watoto, kisha kimya. Nilidhani ni heshima ya ukwe. Hata nilijisifu kwa marafiki, mjinga mimi.

Jumapili moja, mke wangu akiwa jikoni, Mama alinivuta shati.

“Mwanangu, leo tuongee Kiswahili.”

Nikamhakikishia, kwa Kikuyu, kwamba ninaelewa. Akatikisa kichwa.

“Kwa Kikuyu wewe ni mkwe. Siezi kukuambia kitu ya mwili. Hata wasichana wangu siezi.”

“Sawa, Mama. Niambie.”

“Niko na uvimbe kwa titi. Sasa imepasuka.”

“Tangu lini?”

“Ile wakati ulianza masomo. Nilitaka kukuambia, lakini ulikuwa unajivunia hiyo Kikuyu sana. Nikaona nisikuvunje roho.”

Kesho yake tulimpeleka hospitali Parklands. Ugonjwa ulikuwa umeshaenea, na hakumaliza miezi mitatu. Siku ile ya kwanza daktari alituuliza kwa nini hakumwambia mtu mapema. Nilijibu haraka kwamba aliona haya. Mke wangu anaamini hivyo hadi leo, nami sijapata ujasiri wa kumwambia vingine.