Bwana Harusi Chini ya Boneti

Siku ya harusi ya dada yangu, mimi ndiye niliyempeleka kanisani Thika kwa gari langu. Juma hilo mashine ya kusoma hitilafu ilikuwa imelaumu sensa ya oksijeni, kile kifaa kinachopima hewa kwenye moshi, nami nikaweka mpya. Lakini tulipofika Ruiru taa ya injini iliwaka tena, na kila tuliposimama kwenye foleni gari lilitetemeka hadi maua yakadondoka kutoka kwenye boneti.

"Hii gari inaogopa ndoa kuliko mimi," dada akacheka.

Bwana harusi, fundi wa magari, alitungoja nje ya kanisa. Hata kabla ya kumsalimu bibi harusi, alitega sikio kwenye injini.

"Umesikia hiyo filimbi, shemeji?"

"Si ni sensa?"

"Sensa inasema ukweli tu, hewa imezidi. Mpira wa kupitisha hewa umepasuka mahali."

Akafungua boneti akiwa na suti yake nyeupe, akaupata mpira, akauzungushia tepu. Injini ikatulia.

Dada alikuwa ameshashuka. "Ukimalizana na huyo, mimi niko hapa."

Mchungaji ndiye aliyecheka zaidi. Madhabahuni, pete ilipita kwenye kidole cha bwana harusi bila shida, maana kilikuwa na grisi.