Nilipopiga marufuku jogoo kwenye insha

Leo mtoto wa gredi ya tatu amenianika mbele ya darasa langu mwenyewe.

Insha zao zote huanza "Jogoo aliwika, nikaamka." Zote jamani! Nimechoka.

Asubuhi nikawaambia, "Leo jogoo apumzike. Andikeni mambo ya kweli ya nyumbani kwenu."

Achieng akasimama kusoma yake.

"Jogoo wetu hakuwika. Jumapili mwalimu alitutembelea, akamla."

Darasa zima likageuka kunitazama.

Achieng hata hakupumua. "Baba alisema firigisi ni ya mgeni. Mimi nikapewa shingo."

"Haya Achieng, vizuri sana, keti."

"Lakini mwalimu, bado sijafika kwa supu!"

Wazazi wa hapa kijijini Karungu, nikija tena, nipikieni vidagaa vya omena tu.