Matawi ya Baraka Juu ya Mizabibu ya Nanyama

Nanyama hakulia mume wake alipokwenda Nakuru asirudi. Mizabibu ndiyo iliyomliza, tena machozi ya hasira. Alileta vipandikizi mwenyewe mwaka wa 1983 kutoka shamba moja karibu na Endebess, ambako mwenye shamba alikuwa akiing'oa apande mahindi. Pale Tongaren watu walimcheka: zabibu, Bungoma? Lakini ikashika, ikazaa, na akawa anapeleka vikapu sokoni Kitale, wanawake wakigombania. Wengi wakaanza kumwita Mama Zabibu, na sifa alizipenda, tusifichane.

Sifa hizo ndizo zilizomponza. Jumapili ya Matawi vigango vingine vya parokia vilipunga saipresi. Cha Nanyama, kwa kuwa Mama Zabibu alikuwapo, kikapunga matawi ya mzabibu, mti wa Biblia. Kila mwaka, mkesha wa siku hiyo, mvua ikiwa imeshaanza kugonga mabati, alishika panga na kupogoa. Na nani huku hukata mti wakati wa kiangazi? Ukikatwa juani utakauka, husema watu. Ngoja mvua, unywe. Baada ya misa aliyarudisha matawi yaliyobarikiwa na kuyafunga kwenye nguzo, juu ya mizabibu, yailinde na jicho baya. Padri alipoomba matawi ya zamani yachomwe kwa majivu ya Kwaresima, Nanyama alijifanya hasikii. Yake yalikuwa na kazi.

Basi mizabibu ikaanza kufa. Mkono mmoja wa mzabibu mwaka huu, mwingine mwaka ujao. Majani yanachipua madogo, ya manjano, yamejikunja, halafu basi. Akatia samadi. Akanyunyiza dawa ya kahawa. Akanyunyiza maji ya baraka. Wapi! Kadiri ilivyokufa ndivyo alivyozidi kufunga matawi juu yake. Inaudhi kupigana na kitu usichokiona, na mtu aliyeudhika hutafuta wa kumwangukia. Nanyama alimwangukia Agneta, jirani na rafiki yake tangu ujana, kwa kuwa tu aliwahi kumwambia, "Mama Wekoye, hii zabibu itakutajirisha." Akamkabili kisimani, mbele ya watu: "Ni wewe unaniulia miti! Hilo jicho lako!" Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Mwaka wa 1991 bwana kilimo mpya, Kiptanui, alifika na msumeno. Alikata shina lililokufa, akamwonyesha ndani: weusi ulioingia kama kabari kutoka kwenye kidonda cha zamani cha panga.

"Huu ni ukungu, mama. Unaingia kwa kidonda. Ukikata wakati wa mvua, umeufungulia mlango. Kata Januari, jua likiwaka, kisha upake rangi pale umekata." Akainua macho. "Na hizi kuni hapa juu ni za nini?"

"Si kuni. Ni baraka."

"Ukungu unalala ndani ya hayo matawi makavu. Mvua ikipiga, unashukia vidonda vya chini. Choma yote."

Nanyama alikasirika. Alimkasirikia Kiptanui kwa kuchelewa, akamkasirikia padri, akamkasirikia na Mungu kidogo. Miaka yote hiyo amekuwa akiupandisha ugonjwa juu ya miti kwa mikono yake, akiufunga kwa kamba, akiuombea!

Januari alipogoa juani mizabibu michache iliyosalia, akapaka vidonda rangi iliyobaki ya mlango. Kisha akabeba matawi makavu yote, mzigo baada ya mzigo, hadi kwa padri.

Jumatano ya Majivu, alipokwisha kupakwa kwenye paji la uso, nafasi iliyobaki kwenye benchi ilikuwa kando ya Agneta.

"Nasikia hii majivu ni zabibu yako," Agneta alinong'ona bila kumgeukia.

"Ndiyo."

"Ile niliua na jicho?"

"Niliiua mwenyewe, Mama Sally. Nisamehe."

Wimbo ukaisha. Machozi yalikuwa yakimtoka Agneta.

"Ati nisamehe. Na mimi si niliamini nina hilo jicho?" alisema. "Sally wangu amezaa, mtoto sasa anatembea. Sijawahi kumwangalia uso. Niliogopa nitamuua."

Nanyama alimshika mkono, misa ikiwa bado katikati, akasimama naye.

"Twende kwa Sally," alisema. "Twende sasa hivi."