Kichupa Nilichokiacha Mezani

Siku yangu ya kwanza katika laboratwari ya Uvira sikugusa hadubini. Shefu, mkuu wa laboratwari, mwanamume mrefu aliyesema taratibu kama katekista, alinipa bluzi nyeupe ya kazi yenye mikono mirefu kunizidi, akanionyesha sinki. Miezi mingi nilitoka Kasenga kwa miguu kuja kuosha vioo: kwanza kwa sabuni, kisha kwa maji ya bomba, mwisho kwa maji safi yasiyo na chembe ya chumvi. Alisema asiyejua kuosha hatajua kupima. Baadaye nilipandishwa kwenye hadubini, nikahesabu mayai ya kichocho na kutafuta vijidudu vya kipindupindu chini ya madirekta wawili. Mikono yangu ikasifiwa, nami nikaingia kiburi, sikatai.

Nilikuwa nimeshaanza kuvaa miwani ya uzeeni siku ilipofika protini tuliyoagiza kwa utafiti. Ilivuka mpaka kutoka Bujumbura ndani ya sanduku la barafu kavu, ile inayotoa moshi pasipo kuacha maji. Vichupa viwili tu, kila kimoja na matone machache. Ilikuwa protini ya binadamu, lakini haikutolewa kwa mtu yeyote: wataalamu walichukua jeni ya mtu, wakaipandikiza ndani ya bakteria, na bakteria wakaitengeneza. Mwilini, protini ya aina hii hushika uzi wa ADN, yaani DNA, mahali pake maalumu na kuamuru jeni fulani zianze kunakiliwa. Yetu huamsha zile jeni zinazoleta uvimbe na maumivu.

Mzee mmoja, mfugaji wa Bijombo, alikuwa ametuletea majani ambayo watu wa kwao hunywa kwa maumivu ya magoti. Shefu wa wakati huo, mwanamke mdogo kwangu kwa umri, alitaka kujua kama majani hayo yanaizuia protini isishike ADN. Tulichanganya protini na ADN, tukazipitisha kwenye jeli kwa nguvu ya umeme. ADN iliyoshikwa huwa nzito, hubaki nyuma, na mstari wake huonekana juu. Mstari huo ukikosekana, protini haikushika.

Jumatatu tulipima protini bila majani, mstari ukaonekana vizuri. Jumanne ikawa zamu ya majani, na ili tusiimalize protini tuliamua kutokirudia kile kipimo cha Jumatatu. Nilitoa kichupa kwenye konjelateri, yaani friji ya kugandishia. Kabla sijakiweka kwenye barafu, nikaitwa nje kupokea furushi jingine la majani. Mazungumzo na mzee yakanoga. Niliporudi, kichupa kilikuwa na joto la asubuhi nzima. Protini ikipata joto hivyo hujikunja vibaya na kufa, ingawa kwa macho ni maji yale yale. Nikaitumia. Kiburi kilinizuia kukiri.

Mstari ulikosekana. Shefu alinikumbatia, na direkta akashuka kutoka ofisini kuja kutazama picha. Nilicheka pamoja nao.

Alhamisi mzee alirudi, maana Shefu alikuwa amempigia simu. Alitueleza kwa furaha kwamba mke wake, aliyelazwa hapa Uvira kwa ugonjwa wa viungo, kesho ataacha vidonge vya daktari na kunywa majani tu, kwa kuwa sasa hata mashine imekubali. Nilimwacha kwenye benchi, nikamfuata Shefu ofisini kwake, nikafunga mlango.

"Shefu, minye njo niliua ile protini," nikasema. "Ilibakia inje bila barafu. Ile majani haikufanya kintu."

"Weye, Mama Neema? Na ile miaka yote ya kazi?"

"Minye. Mwambie mzee bibi yake asiache dawa."

Alitoka akamwambia mwenyewe. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akakubali kwamba mke wake ataendelea na vidonge, kisha akauliza kama tunahitaji majani mengine.

Tulirudia kazi kwa kichupa cha pili, safari hii tukiweka yote kwenye jeli moja, penye majani na pasipo majani. Mistari yote ilionekana. Majani hayakuizuia protini ile hata kidogo. Shefu aliniamuru niandike kosa langu kwenye daftari la laboratwari kwa biki, nisifute kitu. Nilidhani baada ya hapo ni sinki tena. Badala yake alinikabidhi ufunguo wa konjelateri.

"Mwenye kuona vile inakufa," alisema, "njo atailinda."

Niliulinda ufunguo ule mpaka siku ya kustaafu. Siku hizi nakaa Rugenge, nalima mchicha, na wanaoanza kazi hunipitia kuuliza mistari yao inapotea kwa nini. Nawaambia waanze kwa kuuliza kichupa kilikaa wapi asubuhi. Sikugundua dawa yoyote maishani mwangu. Lakini hakuna mgonjwa aliyeacha vidonge vyake kwa sababu ya mkono wangu, na usingizi wangu ni mzuri.