Gia Tano na Uzazi wa Madamu

Dereva huyu wa lori hata wakwe zake walimwita Gia Tano, maana hakuna aliyewahi kumwona ametulia. Siku chache alizokuwa nyumbani alikunywa chai amesimama, ufunguo wa gari kidoleni, jicho dirishani. Watoto wake watatu wote walizaliwa yeye akiwa safarini. Habari za kifungua mimba zilimkuta mpakani, akisubiri karatasi zigongwe mihuri. Za wa pili zilimkuta chini ya gari, mafuta yakimdondokea usoni. Kila mara aliwanunulia wenzake soda, akapongezwa, akawasha gari.

Sasa alikuwa kwenye kochi, mguu umefungwa plasta hadi gotini. Alikuwa ameteleza akishuka kutoka juu ya shehena baada ya kufunga turubai. Miaka yote ile ya makorongo na miteremko, leo kaangushwa na gari lililosimama! Mwili ulikuwa kochini, roho imebaki barabarani.

Kama hilo halikutosha, mkewe ilimbidi asafiri kwenda kumuuguza dada yake aliyefanyiwa upasuaji.

"Madamu siku zake zimekaribia," alimwambia mlangoni, begi begani. Madamu ni paka wa mkewe, aliyepewa jina hilo kwa maringo. "Ukimwona anahangaika, usimwache."

"Paka anajua kuzaa mwenyewe. Paka wa kwanza duniani alizalishwa na nani?"

"Mimba yake ya kwanza hii, baba watoto. Usimwache."

Ukweli ni kwamba Madamu na Gia Tano hawakuwa marafiki. Paka alimwona kama mpangaji asiyeeleweka, anayekuja akinuka dizeli na kuondoka bila kuaga.

Lakini asubuhi ya Jumamosi Madamu aligoma kula. Alizunguka chumba, akaingia kwenye boksi aliloandaliwa kando ya kabati, akaparura shuka kuukuu lililotandikwa humo, akatoka, akaingia tena. Gia Tano alimchungulia, akaona amefanya yake, akachukua magongo yake kwenda jikoni. Hajafika mlangoni, akasikia mlio nyuma yake. Madamu alikuwa ametoka kwenye boksi, tumbo likikaribia kugusa sakafu, anamfuata huku akilia. Akamrudisha. Akaondoka tena, naye paka akatoka tena.

"Sasa unataka nini, mama?"

Paka akamtazama. Basi Gia Tano akaegemeza magongo ukutani, akajishusha taratibu mpaka sakafuni, mguu wa plasta umenyooka mbele yake kama gogo. Madamu akarudi boksini, akalala, akaanza kuhema mdomo wazi.

Alimpigia mkewe, akaiweka simu sakafuni kwa sauti ya juu.

"Umekaa?" mkewe aliuliza.

"Nimekaa."

"Haya. Usimsukume, usimvute. Kaa tu."

Kitoto cha kwanza kilitoka kama utani. Madamu akakilamba, akatafuna kile kifuko chembamba kilichokifunika, na kitoto kikalia. Cha pili vivyo hivyo. Gia Tano akaanza kujiona mkunga. Cha tatu kilichelewa. Madamu alijikaza, akapumzika, akajikaza tena, na kilipotoka alilaza kichwa, akafumba macho.

"Hakilambi," Gia Tano alisema. "Kimo ndani ya kifuko, na yeye amelala tu."

"Kipasue!"

"Nikipasue na nini?"

"Na vidole! Puani kwanza, kipate hewa!"

Vidole vile vilizoea nati na spana. Alivipeleka polepole, akabana kile kingozi, kikachanika. Akapangusa pua na mdomo, akakifunga kitoto kwenye taulo, akaanza kukisugua mgongoni kama alivyoambiwa. Kilikuwa kimelegea kama tambara lililolowa.

"Mama watoto, hiki kimekwenda."

"Sugua."

"Nakwambia…"

"Sugua, baba!"

Akasugua. Aliendelea kusugua hata matumaini yalipomwisha, kwa sababu hakujua kitu kingine cha kufanya. Kisha kinywa kidogo cha waridi kikafunguka, na sauti nyembamba kuliko uzi ikatoka. Gia Tano akakisogeza sikioni, akasikiliza tena.

"Haloo? Baba watoto? Haloo?"

"Kinalia," alisema mwishowe. "Kinalia, jamani."

Akakiweka karibu na mama yake. Madamu akainua kichwa, akakinusa, akaanza kukilamba.

"Hivi," Gia Tano aliuliza, "siku ile ya kifungua mimba wetu, ulikuwa na nani?"

"Na jirani yetu, fundi cherehani. Alinishika mkono mpaka mtoto akalia. Nilimbana mpaka kesho yake akashindwa kushika mkasi."

Wakacheka wote wawili. Kisha Gia Tano akaacha kucheka.

"Hujawahi kuniambia."

"Ulikuwa unakaa saa ngapi nikuambie?" Mkewe hakulisema kwa ugomvi. Alilisema kama mtu anayesema mvua haijanyesha.

"Nimekaa sasa."

Basi akamsimulia. Alianza na wa kwanza, akaja wa pili aliyetanguliza miguu na kumtia hofu kila mtu, na alikuwa katikati ya kitinda mimba simu ilipoishiwa chaji. Gia Tano aliichomeka kwenye umeme, akapiga tena.

Wiki ile ile alijikokota na magongo mpaka kwa fundi cherehani. Mama wa watu alikuwa ameinamia kazi, miwani puani.

"Suruali yako haijaisha, shemeji."

"Sikufuata suruali. Nimekuja kukushukuru."

"Kwa lipi tena?"

"Ulimshika mkono mke wangu, alipojifungua mtoto wetu wa kwanza."

Fundi akavua miwani. Mtoto mwenyewe siku hizi ana ndevu. Fundi alimtazama Gia Tano, akatazama ule mguu, akacheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la kitambaa cha mteja. Kisha akamvutia kiti.