Chaki ya Fundi Rangi

Jirani yetu fundi rangi anatembea na penseli sikioni hata akienda kuoga, nakwambia! Yeye ndiye aliyeandika kibao cha geti la shule yetu, ambayo walinda amani wa kimataifa wameifanya kambi tangu niko darasa la pili. Maneno yote ya kambi ni ya rangi ya mafuta, ila mwaka wao wa kuondoka anauandika kwa chaki. Muda ukiongezwa anafuta kwa kiganja, anapuliza vumbi, anaandika mwingine. Kashafuta mara nne, na sisi bado tunasomea kwenye mahema. "Mjomba, si uandike kwa rangi tu?" nilimuuliza. "Mgeni akiaga, mwanangu, usikunje mkeka mpaka avae viatu."

Jana malori yao meupe yalitoka yote, askari wa mwisho akatupungia mkono. Fundi akaja na ngazi, penseli sikioni, chaki hana. Akafungua kopo la bluu. Hakuandika mwaka. Aliandika SHULE, herufi kubwa hizo! Kisha akatugeukia: "Sasa mnangoja nini? Ingieni! Ila msiguse, haijakauka!"

Mimi nikagusa. Kidole changu bado cha bluu, na sikioshi.